Walio Juu ya Mfereji: Sayari Kubwa za Mbali na Ndogo za Karibu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika mkutano wetu wa mwaka, Same)



Katibu amenipa nusu saa, na ameniambia wazi kwamba makande yaliyoko jikoni hayatamsubiri mzungumzaji yeyote. Basi sitazunguka sana. Walionitangulia wamesema juu ya paa la bweni, madawati na timu ya mpira, mambo ambayo ni ya lazima. Mimi nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikifundisha fizikia, na nimeombwa niwaletee jambo la elimu ambalo haliulizwi katika mtihani. Nimechagua swali moja ambalo wataalamu wa nyota wangali wanabishana juu yake: sayari kubwa inayokaa mbali na nyota yake, je, inazifaa sayari ndogo zilizo karibu na nyota hiyo, au inazinyima?

Mtu wa Bangalala au wa Makanya hahitaji kuelezwa kwa nini swali la namna hii lina uzito. Anajua kwamba shamba lake liko chini, na kwamba yuko mwenzake huko juu, Vudee, ambaye maji humpitia kwanza. Nawaomba mlishike jambo hilo la maji, maana tutalirudia baada ya kupita mbinguni kidogo.

JUA LETU NA SAYARI ZAKE

Tuanze na yale tuliyofundishwa darasani. Karibu na Jua ziko sayari nne ndogo za mawe: Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi. Mbali zaidi ziko kubwa, na ya kwanza kati ya hizo ni Mshtarii, ambayo wengine huiita Jupita. Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua; Mshtarii iko kilomita milioni 778. Dunia huzunguka kwa mwaka mmoja, Mshtarii kwa karibu miaka 12. Uzito wa Mshtarii ni sawa na Dunia 318. Na zile sayari ndogo nne, mkizitia zote katika kapu moja, hazifiki uzito wa Dunia mbili.

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba mpango huu, ndogo ndani na kubwa nje, ndio mpango wa kila nyota. Hapakuwa na njia ya kuhakikisha, kwa kuwa sayari za nyota nyingine zilikuwa hazijaonekana. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi walitangaza kwamba nyota iitwayo 51 Pegasi ina sayari. Ilikuwa kubwa kwa kiasi cha Mshtarii, lakini ilizunguka nyota yake kwa siku nne na robo tu! Kubwa ilikuwa ndani kabisa, mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Sisi Watanzania tunayo sayari moja ya aina hiyo iliyopewa jina la kwetu. Mwaka huo huo wa 2019, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliyaachia mataifa mbalimbali kazi ya kutaja nyota na sayari. Tanzania ilipewa nyota iliyokuwa ikiitwa WASP-71, nayo ikaitwa Mpingo. Sayari yake ikaitwa Tanzanite, kwa jina la kito kinachochimbwa Mererani, kwa jirani zetu wa Simanjiro. Msiitafute kwa macho matupu, kwani haionekani. Tanzanite ina uzito wa zaidi ya Mshtarii mbili, na mwaka wake hautimizi siku tatu.

Sayari kubwa kama hizo, zilizo karibu mno na nyota, mara nyingi huonekana peke yake: kando yake hakuna ndogo. Yumkini zilizaliwa mbali, kisha zikasogea ndani na kuvuruga kila kilichokuwa njiani. Basi kuhusu kubwa iliyoingia ndani ya nyumba, jibu ni rahisi kidogo. Ugumu uko kwa kubwa iliyobaki mbali, kama Mshtarii yetu.

KWA NINI HESABU ILICHELEWA

Hadi leo sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wetu zimezidi 6,000. Nyingi ziligunduliwa na darubini ya angani ya Kepler, iliyorushwa na Marekani mwaka 2009. Ilizitazama nyota zaidi ya 150,000 kwa pamoja, ikingoja mwanga wa nyota ufifie kidogo wakati sayari inapopita mbele yake. Ilionyesha jambo ambalo halikutegemewa. Kiasi cha theluthi moja ya nyota zinazofanana na Jua, na pengine zaidi, zina sayari zilizo kubwa kuliko Dunia lakini ndogo kuliko Neptuni, nazo zinazunguka karibu sana, kwa siku chini ya 100. Aina hiyo ya sayari sisi hatunayo hata moja. Ndani ya njia ya Utaridi, ambayo huzunguka kwa siku 88, hatuna kitu.

Lakini Kepler ilikuwa na upungufu ambao mwanafunzi yeyote anaweza kuuona. Kazi yake kuu ilidumu miaka minne, sawasawa na Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Sayari inayochukua miaka 12 kuzunguka haiwezi kujulikana vema kwa miaka minne.

Hiyo ya mbali hutafutwa kwa njia nyingine. Sayari inapozunguka, nayo huivuta nyota, na nyota huyumba. Mshtarii hulifanya Jua liyumbe kwa mwendo wa mita 12 hivi kwa sekunde, mwendo wa mkimbiaji hodari wa mita mia. Dunia yetu huliyumbisha kwa sentimita 9 tu kwa sekunde, kobe angeshinda. Kwa hiyo kubwa ya mbali yaweza kupimwa, ila mpimaji awe na subira ya miaka mingi juu ya nyota ile ile. Ndiyo sababu swali langu la leo halikuweza kujibiwa mapema. Aliyezijua ndogo za karibu hakuzijua kubwa za mbali, na aliyezijua kubwa hakuziona ndogo.

NDIVA YA MBINGUNI

Sasa turudi mlimani. Kwa ajili ya wageni nieleze kwamba ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, ambalo wazee wa Upare walilijenga juu ya mashamba. Usiku maji ya kijito huingia na kujaa; asubuhi tundu hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji hadi mashambani kwa zamu. Ndiva ya Manoo kule Bangalala ni mfano mmoja ambao wengi wenu mnaujua.

Sayari nazo huzaliwa katika mfereji wa namna yake. Nyota changa huzungukwa na sahani pana ya gesi na vumbi. Vumbi hugandamana likawa kokoto. Gesi huzunguka polepole kidogo kuliko kokoto, kwa hiyo kokoto hukutana na upepo wa mbele, kama mpanda baiskeli anayekwenda Hedaru huku upepo unampiga usoni. Kokoto hupungukiwa na mwendo, nazo huteremka kuelekea kwenye nyota. Huo ndio mto wenyewe. Sayari zilizo ndani hukua kwa kuokota kokoto zinazoshuka kutoka nje.

Ikizaliwa sayari kubwa katikati ya mto huo, mambo hubadilika. Ikifikia uzito wa Dunia 20 hivi, huchimba mfereji wake katika gesi, na ukingoni mwa mfereji huo kokoto husimama. Imekuwa ndiva iliyofungwa. Walio chini hubaki na zile tu zilizokwisha kupita.

Mwaka 2019 Michiel Lambrechts na wenzake walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba tofauti inayohitajika si kubwa. Kokoto zikishuka mara mbili tu ya kiasi fulani, mahali ambapo pangekuwa na sayari ndogo kama Dunia na Mirihi hutokea zile kubwa za karibu ambazo Kepler ilizikuta. Basi huenda udogo wa Dunia yetu ni kazi ya aliye juu ya mfereji. Mshtarii alifunga mapema, nasi tukabaki wembamba.

JIWE LA IVUNA

Mtauliza, kuna ushahidi gani? Ushahidi mmoja ulianguka hapa hapa Tanzania. Wengi mnakijua kimondo cha Mbozi, lile pande zito la chuma ambalo watalii hulipiga picha. Sikusudii hilo. Nakusudia mawe yaliyoanguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938. Yote pamoja hayakufika kilo moja, na mtu angeweza kuyachukua katika kikapu cha mayai. Lakini kwa wataalamu yana thamani kubwa, kwa kuwa ukiondoa gesi, hakuna mawe yanayokaribia zaidi mchanganyiko wa Jua lenyewe. Kundi zima la mawe ya aina hiyo limepewa herufi CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Mwezi Desemba 2020 chombo cha Wajapani kiitwacho Hayabusa2 kilipoleta mchanga kutoka kwenye sayari ndogo ya Ryugu, wataalamu waliupima wakaona kwamba ni wa ukoo wa Ivuna.

Vimondo vya dunia nzima, vikipimwa kwa makini, hugawanyika katika koo mbili. Kila ukoo una alama yake katika atomi, kama ng'ombe walivyo na alama za wenyewe. Ukoo mmoja ulitokea upande wa ndani, karibu na Jua. Wa pili, wenye mawe kama ya Ivuna, ulitokea upande wa nje. Mwaka 2017 Thomas Kruijer na wenzake, waliofanya kazi Münster, Ujerumani, walionyesha kwamba koo hizo zilitengana katika kiasi cha miaka milioni moja tangu mfumo wetu uanze, zikakaa mbalimbali kwa muda mrefu bila kuchanganyikana. Maelezo waliyotoa ni kwamba Mshtarii alikuwa amekwisha kukua na kufunga njia. Wako wanaosema kwamba ukuta ulikuwapo katika gesi yenyewe hata kabla ya Mshtarii kuwa mkubwa. Lakini kwamba njia ilizibwa, hilo linakubaliwa na wengi.

Tusimhukumu Mshtarii upesi, hata hivyo. Mawe ya Ivuna yana udongo ulioshika maji ndani yake. Baadaye, sayari kubwa zilipomaliza kukua, zilirusha mawe ya nje yakaingia ndani, na inadhaniwa kwamba sehemu ya maji ya Dunia ililetwa na mawe ya aina hiyo. Aliyefunga kokoto ndiye pia aliyerusha maji.

HESABU YA NYOTA MIA MOJA

Hadi hapa mngesema jibu limepatikana: kubwa za mbali huwanyima wadogo. Hapo ndipo waliohesabu nyota nyingine walipokuja na neno tofauti kabisa.

Wanafunzi, shikeni kalamu. Chukueni nyota 100 zinazofanana na Jua. Kiasi cha 30 zina zile sayari ndogo za karibu. Kiasi cha 10 zina kubwa ya mbali. Kama kubwa na ndogo hazina habari moja na nyingine, basi katika zile 30 tungetegemea 3 tu ziwe na kubwa ya mbali. Mwaka 2018 Wei Zhu na Yanqin Wu, waliokuwa Toronto, Kanada, walikuta kwamba theluthi nzima ya nyota zenye ndogo zina kubwa ya mbali. Theluthi ya 30 ni 10. Kumbe kubwa zote, au karibu zote, ziko mahali penye ndogo! Mwaka uliofuata Marta Bryan na wenzake walipata jibu la namna hiyo hiyo.

Angalieni tena hesabu hiyo isiwadanganye. Karibu kila mwenye ng'ombe ana jembe, lakini si kila mwenye jembe ana ng'ombe. Karibu kila kubwa ilikuwa na ndogo. Ila ndogo nyingi hazikuwa na kubwa.

Mwaka 2023 likaja jibu la tatu. Aldo Bonomo na wenzake, wakitumia darubini ya Waitalia iliyoko La Palma katika Visiwa vya Kanari, walikuwa wamezipima kwa miaka mingi nyota 38 zenye sayari ndogo. Walikuta kubwa za mbali katika nyota tatu tu. Kwa kipimo hicho hapakuwa na udugu wowote kati ya kubwa na ndogo. Basi wa kwanza anasema zinanyimana, wa pili anasema zinapendana, wa tatu anasema hazijuani. Mwanafunzi angesema wataalamu wamechanganyikiwa.

Nadhani mkulima wa hapa angewasuluhisha. Angewauliza: mvua ilikuwaje mwaka huo?

Maana mtu akipita Bangalala akaona ndiva imejaa na shamba la chini limestawi, asiseme mara moja kwamba ndiva ndiyo iliyostawisha shamba. Yawezekana mvua ilinyesha sana mlimani, ikajaza ndiva na shamba likapata pia. Mwaka wa mvua haba ndiva haijai, lakini yule wa chini aweza kupata kijito chembamba na kuvuna kidogo. Ukiichanganya miaka ya mvua na ya ukame katika hesabu moja, utatoka na jibu lisilo na kichwa wala miguu.

Mvua ya nyota ni chuma na vitu vizito vingine, ambavyo ndivyo hutengeneza vumbi na kokoto. Nyota hazilingani, ziko tajiri na ziko maskini. Sayari kubwa huzaliwa hasa kwa nyota tajiri. Ndogo huzaliwa kwa tajiri na kwa maskini. Mwaka 2024 Marta Bryan na Eve Lee walizigawa nyota kwa utajiri huo kabla ya kuhesabu. Kwa nyota tajiri, udugu wa kubwa na ndogo ulionekana. Kwa nyota maskini haukuonekana. Si neno la mwisho, kwani waliopata jibu la tatu nao wana hoja zao na idadi ya nyota zilizopimwa ni ndogo. Lakini njia ya kuuliza imekuwa nzuri zaidi. Darubini ya Gaia ya Ulaya, iliyozipima nyota tangu 2014 hadi mwanzoni mwa 2025, imeacha vipimo ambavyo, vikichambuliwa vyote, vinatarajiwa kufichua kubwa za mbali kwa maelfu.

Basi maoni yangu ni haya. Sayari kubwa ya mbali si mlezi wala si mnyang'anyi kwa tabia. Ni ndiva. Inafanya nini kwa walio chini hutegemea ilifungwa lini, na mvua ilikuwa kiasi gani. Yetu ilifungwa mapema, na Dunia ikatoka ndogo, ya mawe, yenye hewa nyembamba na bahari ya kutosha. Kama hali hiyo ni ya kawaida mbinguni au ni adimu mno, hilo ndilo litakaloamuliwa na hesabu hizi, na si jambo dogo kwa anayetaka kujua kama tuko peke yetu.

OMBI LANGU

Nina ombi moja kwa shule na kwa Umoja wetu. Same iko nyuzi nne hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo karibu mbingu yote, ya kaskazini na ya kusini, hupita juu yetu katika mwaka. Kiangazi uwanda huu ni mkavu na anga ni safi kuliko Dar es Salaam. Naomba lianzishwe Daftari la Mshtarii. Kila mwezi ambao Mshtarii yuko angani usiku, mwanafunzi mmoja achore mahali ilipo kati ya nyota zinazoizunguka, aandike tarehe na saa, atie sahihi yake. Kwa macho matupu tu. Mtaiona ikisogea kundi moja la nyota kwa mwaka, na kila mwaka kwa miezi minne hivi mtaiona ikirudi nyuma. Mwulizeni mwalimu wenu kwa nini. Mimi natoa darubini moja ya macho mawili, ambayo ikishikwa imara itawaonyesha miezi minne ile ambayo Galileo aliiona mwaka 1610.

Tambueni kwamba anayeingia Kidato cha Kwanza akatoka Kidato cha Sita ataona nusu tu ya safari ya Mshtarii. Daftari halitamalizika na mtu aliyelianza. Litamalizwa na mtoto ambaye leo hajui kusoma, naye hatawezi kulimaliza kama mmoja wenu ataacha miezi ikapita bila kuandika. Sisi tuliotangulia wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba kalamu, daftari na taa vipo, na kwamba hatufungi kile kilichopaswa kuteremka kwenu.